Mafua ya mtoto mchanga ukiwa ugenini: mfungulie pua kwanza

Saa nane usiku mtoto anashika titi, ananyonya mara mbili, anaachia, analia. Anashika tena, anaachia tena. Njaa anayo, ila katika miezi ya mwanzo mtoto hupumua zaidi kwa pua, na pua ikiziba hawezi kunyonya huku akivuta hewa. Mafua ni ya virusi, antibiotiki hazisaidii, na mengi huisha yenyewe ndani ya siku kumi hivi, ingawa kikohozi kinaweza kuburuta hadi wiki tatu. Kazi yako ni kumfungulia pua ili ale na alale.

Nunua famasia matone ya maji ya chumvi ya watoto na kipira cha kuvutia kamasi. Kabla ya kunyonya mlaze chali, mtie matone mawili kila tundu, subiri dakika moja kamasi ilainike. Kisha bonyeza kipira kikiwa bado nje, ndipo uweke ncha yake mlangoni mwa tundu, ukiachie taratibu. Mimi mara ya kwanza nilikiingiza kabla ya kukibonyeza, nikampulizia mwanangu hewa puani, akalia hadi sauti ikamkauka. Kikioshe kwa maji ya moto na sabuni kila ukimaliza. Usivute kutwa nzima, maana pua huvimba kwa ndani ikaziba zaidi. Halafu mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Chini ya miezi sita hahitaji maji, maziwa yanamtosha.

Wakati wa baridi kali, hita hukausha hewa ya chumbani na kamasi nayo hukaukia puani. Kifaa cha kutoa mvuke wa baridi kinasaidia, mradi ukisafishe na kubadili maji kila siku. Beseni la maji yanayotoka moshi usiliweke karibu naye kabisa. Watoto wengi wameungua hivyo. Usimnyanyue kichwa kwa mto pia. Alale chali, pahali bapa, hata akiwa na mafua. Na usimrundikie nguo: mguse shingoni kwa nyuma, ukikuta jasho mpunguzie.

Najua simu kutoka nyumbani zitakuja na ushauri, na kila anayepiga anampenda mtoto. Lakini asali hapana kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli ya mtoto, hata ile ya kupumulia. Dawa za kupaka zenye kafuri au mentholi hapana chini ya miaka miwili. Dawa za maji za kikohozi na mafua hapana. Aspirini hapana kabisa. Paracetamol ya watoto ni ya homa au maumivu, na kipimo chake hufuata uzito na umri. Chini ya miezi mitatu usimpe kabla ya kuongea na daktari.

Jifunze kuhesabu pumzi, ni jambo litakalokutuliza kuliko yote. Akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, weka saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika moja kamili. Usikate nusu dakika ukazidisha, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mawimbi. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi.

Ukiona hivyo, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, anaguna kila anapotoa pumzi, ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake, nepi kavu kwa saa nane au zaidi, au joto limefika nyuzi 38 za Selsiasi na hajatimiza miezi mitatu, mpeleke apimwe saa hiyohiyo. Midomo ikigeuka bluu au kijivu, au pumzi zikikatika, ita ambulansi: 999 Uingereza, 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada. Kwa ushauri tu, Uingereza kuna 111, usiku na mchana, nao hutafuta mkalimani ukisema unataka Kiswahili.

Andika umri wake, uzito, joto, idadi ya pumzi na saa aliyonyonya mara ya mwisho, ubandike karatasi hiyo kwenye friji. Hayo ndiyo utakayoulizwa kwanza.