Ninavyofundisha damu darasa la sita, hapa Tanga

Nafundisha Sayansi katika shule moja ya msingi upande wa Makorora, na kila mwaka mwezi wa Mei natenga vipindi vitatu kwa ajili ya damu. Siku ya Wachangia Damu Duniani ni tarehe 14 Juni, lakini mara nyingi siku hiyo hukuta shule zimeshafungwa. Ukiingoja siku yenyewe, watoto huwakuti.

Kabla ya kueleza namna, niseme kilichonianzisha. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa pili, damu ilimtoka haikukatika. Hospitali tuliyokuwapo ikatuambia akiba ya kundi lake imekwisha, tutafute watu. Ilikuwa saa tano usiku. Shemeji akakimbilia kijiwe cha bodaboda, akarudi na vijana saba. Mmoja alikuwa na kilo arobaini na nane, mwingine alikuwa amekunywa pombe jioni ile, wengine wakaogopa walipoiona sindano. Waliofaa na kukubali walikuwa wawili. Mdogo wangu alipona. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwaza: miaka minane nafundisha moyo na mishipa, na sijapata kumwambia mtoto hata mmoja kwamba damu ya mtu inaweza kumwingia mwenzake akaishi. Wale vijana wa bodaboda walikaa darasani kwa mwalimu fulani kama mimi. Wangeambiwa mapema, usiku ule wasingeogopa.

Basi usianze na mchoro wa moyo. Anza na hofu. Siku moja kabla ya kipindi cha kwanza nagawa vikaratasi, kila mtoto anaandika swali moja kuhusu damu bila jina lake, anatumbukiza kwenye boksi la chaki. Nyumbani nayasoma yote. Kila mwaka mumiani hawakosekani. Pwani yetu hii tumelelewa na habari hizo, kwamba kuna watu hukamata wenzao gizani wakawanyonya damu, na bibi zetu walizitumia kutuzuia tusitoke magharibi ikiingia. Mtoto anayeuliza jambo hilo usimcheke, wala usimwambie ni upuuzi, maana utakuwa umemwambia bibi yake ni muongo, na hapo hatakusikiliza tena. Mimi nachora mstari katikati ya ubao. Kushoto: mumiani anakuja usiku, anatumia nguvu, haulizi, hajulikani. Kulia watoto wenyewe wananitajia ya mchangiaji: amekwenda kwa miguu yake mchana, ameulizwa maswali, amesaini fomu, anaweza kusema "nimeghairi" hata akiwa ameshakaa kwenye kiti. Ubao ukijaa, hofu imepungua nusu.

Maswali mengine huja yale yale. Ukitoa damu unakonda? Hapana. Ukitoa mara moja mwili utakuwa unadai utoe kila mara? Hapana, ni wewe unayeamua. Unaweza kuambukizwa UKIMWI kwa kutoa damu? Hapana, sindano ni mpya, hufunguliwa mbele yako na hutumika mara moja tu. Wanaiuza? Damu haiuzwi, na ndugu wakiombwa walete watu wa kuchangia ni kwa sababu akiba imepungua. Hili la mwisho lijibu kwa upole, kwa kuwa darasani yupo mtoto ambaye kwao waliwahi kuhangaika usiku kama sisi.

Sasa vifaa. Tafuta dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kupikia, lioshe vizuri, lijaze maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Hiyo ndiyo damu ya mtu mzima, lita tano hivi. Halafu chupa ya maji ya nusu lita, uipige mstari wa kalamu kwenye mililita 450, ambacho ndicho kiasi anachotoa mchangiaji. Mwite mtoto mmoja apime kwa rula kimo cha maji kwenye dumu. Kisha mimina polepole mpaka kwenye mstari wa chupa, apime tena. Mwaka jana msichana aliyeshika rula aliinama, akapima mara ya pili kwa sababu hakuamini, akasema, "Mwalimu, zimepungua sentimita mbili na kidogo tu." Darasa zima lilitaka kuja kuona. Waache waje wote, hata kipindi kikiisha. Nimekwisha kueleza kwa maneno kwamba ni chini ya sehemu moja ya kumi, na maneno hayo hayakuwahi kumfanya mtoto anyanyuke kwenye dawati.

Hapo wapige hesabu yao wenyewe. Mtoto ana mililita 75 hivi za damu kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo thelathini ana lita mbili na robo. Waambie watoe 450 kwenye hizo, wataona wenyewe kwa nini mtoto haruhusiwi kuchangia, huna haja ya kuwahubiria. Umri ni kuanzia miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu.

Nitoe tahadhari ninayoijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilileta damu ya mbuzi kutoka machinjioni, nikidhani kitu halisi kitafundisha zaidi. Iliganda njiani. Mtoto wa dawati la mbele alianguka, na wazazi wawili walikuja kesho yake kuniuliza, kwa haki yao, kwa nini nimewawekea watoto wao najisi mbele ya madaftari. Maji ya rangi yanatosha. Na usimchome mtoto kidole darasani kwa sababu yoyote ile, hata awe na hamu gani ya kujua kundi lake. Kazi hiyo ni ya maabara.

Vilivyomo ndani ya damu navipitia upesi. Sehemu iliyo zaidi kidogo ya nusu ni plazma, maji ya manjano yanayobeba chakula na chumvi. Chembe nyekundu hubeba oksijeni, huishi siku 120 hivi kisha mwili hutengeneza nyingine. Chembe nyeupe hupambana na magonjwa, chembe sahani huziba kidonda. Ninapokaa kidogo ni kwenye chakula, kwa kuwa wengi wao damu yao wenyewe ni haba: dagaa, maini, maharage, matembele na mchicha vina madini ya chuma, na chungwa la Muheza likiliwa pamoja na mboga hizo huusaidia mwili kuyapokea. Chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula huyazuia. Wapelekee mama zao habari hiyo.

Kipindi cha pili ni cha makundi ya damu, na hiki ndicho ninachokipenda. Leta kanga mbili kuukuu zisizofanana, moja nyekundu, moja ya bluu. Watoto wanne wanakuwa chembe nyekundu. A anajifunga kanga nyekundu, B ya bluu, AB anajifunga zote mbili, O hana kanga kabisa. Wengine wawili ni walinzi, wanasimama mlangoni. Mlango ni mwili wa mtu. Ukisema "hapa ni kwa mtu wa kundi A", walinzi wanaijua kanga nyekundu tu. A akija anapita. B akija na bluu yake, walinzi wanamkamata na kung'ang'ana naye mlangoni, na ndivyo chembe za damu isiyolingana zinavyoshikana mabonge ndani ya mishipa. AB naye anakamatwa kwa sababu ya ile ya bluu. O anapita, hana kanga ya kumshtua mlinzi. Geuza mlango uwe wa AB: walinzi wanazijua kanga zote, kila mtu anapita. Geuza uwe wa O: walinzi hawaijui kanga yoyote, hivyo anayepita ni O mwenzake tu. Hapo watoto hunyamaza. Wanatambua kwamba anayewapa wote ndiye anayepokea kwa mmoja. Usiwaharakishe waondoke kwenye jambo hilo.

Halafu maziwa. Yachemshe kabla ya kipindi, uje nayo yakiwa bado na moto kidogo, umimine kwenye vikombe viwili vya kioo. Kimoja tia kijiko cha maji, kingine kamulia ndimu. Kile cha maji hakibadiliki. Kile cha ndimu, kikombe kikiinamishwa, utayaona mabonge meupe yakiteremka ukutani mwa kioo na maji yakijitenga. Sema wazi kwamba huu ni mfano, maziwa hayagandi kwa sababu ile ile. Lakini wakishaona mabonge yale, swali la kwa nini damu hupimwa kwanza hawalisahau kwenye mtihani.

Ndipo namtaja Karl Landsteiner. Huko Vienna mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za watu zina makundi, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kabla yake, kumwongezea mtu damu kulikuwa kama kumfungulia mlango mgeni usiyemjua: wengine walipona, wengine walikufa, na hakuna aliyejua sababu. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, ndiyo maana siku ile ikachaguliwa. Chanya na hasi, yale maneno yanayofuata jina la kundi kama "O chanya", nazitaja tu, kwamba zipo na kwamba mama mjamzito hupimwa kliniki. Darasa la sita haliwezi kuzibeba zote kwa siku moja.

Kipindi cha tatu mlete mtu. Barua ya mwalimu mkuu iende hospitali ya mkoa au ya wilaya wiki tatu kabla, iombe mtaalamu wa maabara au muuguzi wa kitengo cha damu. Mwombe aje na mfuko mtupu, si hotuba. Mfuko ule ukizunguka mkononi mwa kila mtoto, wenye mrija wake na karatasi yake, ndiyo somo. Naye awaeleze safari ya mfuko huo: mchangiaji hupimwa wingi wa damu na shinikizo, hukaa kama dakika kumi, hupewa soda au juisi. Mwezi wa Ramadhani mtu huchangia baada ya kufuturu. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikitenganishwa, mfuko mmoja unaweza kusaidia hadi watu watatu. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, chembe sahani siku tano tu. Namba hizi mbili ziandike ubaoni kubwa. Wachangiaji wengi wa hiari nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hushuka. Watoto wakiziangalia siku zile tano wanaelewa kwa nini.

Wanaoihitaji nao wasemwe, lakini kwa adabu. Watoto wenye malaria kali, kina mama wanaojifungua, majeruhi wa barabara ya Segera, wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja kama mundu. Huenda mgonjwa wa selimundu amekaa dawati la tatu. Nilikuwa naye mmoja, nikaenda kwao kuongea na mama yake kwanza. Mama alikubali, na siku yenyewe kijana alisimama akasema, "Nimeongezewa mara tatu. Sijui ya nani." Akakaa. Mtaalamu wa maabara alisita kidogo kabla ya kuendelea.

Kazi ya nyumbani iwe kuuliza wakubwa kama wamewahi kuona mtu akiongezewa damu, waandike walichosimuliwa. Isiwe kumwambia baba au mama akachangie. Mzazi anaweza kuwa mjamzito, kuwa kwenye dawa, kuwa na hali ambayo hajamwambia mtu, na mtoto anayeuliza "kwa nini wewe hutoi?" mbele ya wageni atakuwa amefungua asichotakiwa kufungua. Na kuna familia ambazo imani yao hairuhusu. Sibishani na mtoto juu ya dini ya kwao.

Mwisho wa kipindi cha tatu kila mtoto anapiga hesabu ya mwaka atakaotimiza miaka 18, anauandika ndani ya jalada la daftari. Chini yake wavulana wanaandika "kila miezi mitatu", wasichana "kila miezi minne". Maswali yaliyobaki kwenye boksi la chaki nampa mtaalamu aondoke nayo, na majibu akiyaleta nayabandika ukutani karibu na mlango, ambapo darasa la saba nao hupita wakayasoma.