Mfarishi wa leso: mshono ufuate kitambaa

Mwaka wa kwanza wa kibanda changu cha ushoni hapa Majengo, Mombasa, binti mmoja aliniletea doti ya leso, yaani jozi ya khanga, za marehemu mamake. "Bi fundi, nishonee mfarishi wa kitanda changu." Alitaka tandiko lenye pamba katikati, lililoshonwa juu mpaka chini. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa "Wema hauozi". Nikachukua rula na chaki, nikachora almasi za sentimita 5 kutoka pembe hadi pembe, nikazishona zote bila kuruka mahali. Mistari ilinyooka. Alipokuja kuuchukua aliutandaza mezani, akapitisha kidole akilitafuta lile jina asilione. Mishono ilikuwa imezikatakata herufi, na pamba imezivimbisha. Hakuteta. Nilifumua usiku wa siku tatu, na matundu ya sindano yalibaki pale pale.

Tangu siku hiyo sichagui mtindo wa mshono kabla sijakitandaza kitambaa na kukitazama vizuri. Leso ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, na kila sehemu inataka mshono wake.

Tuanze na vipimo. Leso moja huwa na upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu 110. Chukua kitanda cha futi 5 kwa 6: godoro lake ni karibu sentimita 152 kwa 183. Ziunganishe leso mbili kwa pande zake ndefu, moja ikae kichwani na nyingine miguuni, majina yote yakielekea miguuni. Utapata kipande cha 150 kwa kama 217, kinachoenea juu ya godoro kana kwamba kilipimiwa. Kushoto na kulia ongeza kitambaa cha pamba cha rangi moja, sentimita 37 kila upande, ndicho kitakachoning'inia. Kichwani weka ukanda wa sentimita 15 utakaofichwa na mito. Usikate kwa kipimo kamili cha kitanda, kwa sababu kila mshono unaopita kwenye pamba huvuta kitambaa ndani. Mimi huacha sentimita 10 za ziada kwa upana na kwa urefu, halafu nasawazisha mwisho.

Kabla ya mkasi kuna beseni. Leso mpya ina dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa, na nyekundu na nyeusi huchuja. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, na bitana, kitambaa cha upande wa chini, uifue pia. Ukiruka hatua hii, mfarishi utanywea siku ya kwanza ya kufuliwa na mikunjo itajaa kati ya mishono.

Pamba ya ndani mimi hupendelea ile nyepesi ya poliesta inayouzwa kwa mita, imeshikana kama blanketi. Joto letu la Pwani halitaki nene. Anayependa uzito kidogo anaweza kutumia blanketi kuukuu la pamba, tena hulala vizuri chini ya sindano. Sufi na pamba ya kuchambua nawaachia watu wa mito, maana zisiposhonwa kwa karibu sana hukimbilia pembeni na kuwa madonge.

Tandika bitana sakafuni, upande wa ndani juu, uivute inyooke kisha uibandike kwa selotepu. Iwe kubwa kuliko kipande chote cha leso kwa sentimita 10 kila upande. Juu yake pamba, juu ya pamba leso. Sasa piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, ukianzia katikati kwenda nje kama miale ya jua, au tumia pini za nepi kila baada ya upana wa kiganja. Vaa subana, kile kikofia cha kidole, maana kwenye bitana nzito sindano itakutoboa. Hapa usione uvivu: mafundi wengi huharibu kazi kwa kupiga bandi pembeni tu, halafu wanalaumu cherehani.

Weka sindano namba 16, mshono wa milimita 3, na ulegeze kidogo kibano cha mguu wa cherehani. Sehemu yote itakayopita upande wa kulia, chini ya mkono wa cherehani, uiviringishe kama mkeka. Anza na mji. Kama katikati kuna ua kubwa au mchoro wa korosho, fuata ukingo wake kwa mshono mmoja, kisha zungusha mwingine nje yake kwa umbali wa sentimita 2 na nusu, na mwingine tena, mpaka ukutane na pindo. Ua litainuka lenyewe. Mahali penye kona nyingi, shusha meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa, au yafunike kwa kadi uliyoibandika, halafu uongoze kitambaa kwa mikono. Fanya mazoezi kwenye kiraka kwanza. Mguu wako ukienda mbio kwenye pedali na mikono ikikawia, uzi utasongamana upande wa bitana.

Jina lizungushie mshono mmoja tu, sentimita 1 kutoka kwenye herufi. Ndani usitie sindano kabisa. Pamba ya poliesta itakaa, kwa sababu nafasi hiyo ni nyembamba. Pindo liache mwisho, na lipe mistari iliyonyooka inayofuata michoro yake.

Kisutu, ile leso ya bibi harusi, ni habari nyingine. Michoro yake midogo ya nyekundu, nyeusi na nyeupe imebanana, ua la kulizunguka hakuna. Hapo ndipo almasi zangu zina haki yake. Mistari ya mshazari yenye nafasi ya sentimita 6 hutulia juu ya kisutu bila kupigana nacho, na mfarishi wa bibi harusi ukishonwa hivyo unapendeza hata kwa upande wa bitana.

Vitambaa vya viti na mito ya sebuleni vinasuguliwa zaidi, basi viraba vya sentimita 5 vinafaa. Mahameli ishone mistari yote kwa mwelekeo mmoja, kufuata manyoya yake, na pasi usiiguse.

Ukingo: pembe mbili za miguuni zichonge mviringo kwa kuweka sahani ya wali na kupitisha chaki. Ukanda wa kufunika ukingo ukate kwa mshazari, upana wa sentimita 6, la sivyo utakunjika kwenye mviringo. Upande wa juu shona kwa mashine. Upande wa bitana mimi humalizia kwa mkono, uzi usionekane, na kazi hiyo hunichukua jioni nzima.

Ukiufua, usiukamue. Uukande kwa taulo, kisha uanike kivulini juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike. Na ukiuweka kabatini, kila mara badilisha mahali pa kukunjia, na jina likae upande wa nje.