Somo: Kuwafunza wanafunzi wa uuguzi kupima mahitaji ya afya ya mtaa na kuyapangia

Kundi la wanafunzi likirudi kutoka mtaani, aghalabu huja na jibu moja: "Jamii haina elimu ya afya." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa darasani, bila mtu kupanda feri ya Likoni. Kazi ya mkufunzi ni kuizuia isiandikwe mpaka mwanafunzi awe ameinama juu ya pipa la maji, tochi mkononi. Hapa tunachukulia wanafunzi 6, mtaa mmoja, kaya 60 na wiki 4.

Hatua ya 1: Ruhusa na rekodi

Barua ya chuo iende kwanza afisi ya afya ya kaunti ndogo, kisha kwa chifu, kisha kwa mzee wa mtaa. Ukimruka mzee wa mtaa, milango itafunguliwa nusu. Ombeni wahudumu wa afya ya jamii wawe wenyeji wenu. Kitengo kimoja cha afya ya jamii hulenga watu kama 5,000, kila mhudumu akiwa na kaya kama 100, na hao ndio wanaojua nani amejifungua na nani kahama.

Barua zikiwa njiani, wanafunzi wasome rekodi za miezi 12, katika fomu za Wizara ya Afya (MOH): daftari la kaya MOH 513, muhtasari wa kitengo MOH 515, na za zahanati, yaani MOH 705A ya walio chini ya miaka 5 na 705B ya waliozidi hapo. Waitazame malaria kwa makini. Wakiwa wengi waliodhaniwa wanayo na wachache waliothibitishwa kwa kipimo, zile homa nyingine ni za nini? Mombasa swali hili lina uzito: homa mbili zinazoenezwa na mbu zimewahi kulipuka hapa, dengi mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Tena, aliyenunua dawa dukani akajilalia nyumbani hayumo katika daftari lolote.

Hatua ya 2: Kupita mtaa kwa miguu

Mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, maana mtaa wa asubuhi si wa jioni. Wachore ramani kwa mkono: visima, vyoo vya shimo, jaa la taka, mikokoteni ya mitungi ya maji inapotua, duka la dawa, msikiti, kanisa, madrasa. Umbali wa kisima na choo upimwe kwa hatua, usikisiwe.

Hatua ya 3: Kuchagua kaya

Hapa ndipo makundi mengi huharibu. Nyumba ya Kiswahili yaweza kuwa na vyumba sita kwenye ukumbi mmoja, kila chumba na mpangaji wake. Ukihesabu mapaa, utapata kaya moja mahali penye sita, na mara nyingi atakayejibu ni mwenye nyumba, ambaye maji yake na kipato chake si vya wapangaji. Hesabuni watu wa chungu kimoja: wanaopika na kula pamoja ndio kaya. (Mlangoni msitumie neno "kaya". Kwa Mmijikenda kaya ni msitu wa wazee, na mazungumzo yatapotea huko.)

Orodha ikiwa na kaya 420 nanyi mwataka 60, gawanya: 7. Okota karatasi moja kati ya 1 hadi 7. Ikitoka 4, chukua ya 4, ya 11, ya 18, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mlango ukifungwa, rudini mara mbili, mojawapo jioni au Jumamosi. Msiingie kwa jirani badala yake. Anayepatikana nyumbani saa nne asubuhi si sawa na anayefanya kazi bandarini au kiwandani, na mkibadilisha ovyo mtaa wenu utakuwa hauna wafanyakazi.

Hatua ya 4: Maswali na macho

Hojaji isizidi dakika 35, na ijaribiwe kwa kaya 5 za mtaa mwingine kwanza. Maneno yawe ya nyumbani. Badala ya "Je, mna visa vya kuhara?" uliza: "Katika wiki mbili zilizopita, kuna mtoto hapa aliyeendesha, choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku?" Muda na kiasi vikikosekana, kila mama atajibu kwa kipimo chake.

Ukiuliza "Mnafunika maji?" wote watasema ndiyo. Basi omba kuona. Mulika ndani ya pipa, mtungi, birika la chooni, kisahani cha chungu cha maua. Viluwiluwi, yaani watoto wa mbu waishio majini, hushtuka na kuzama mwanga ukiwapiga, kwa hiyo subiri dakika moja watokee juu tena. Andika aina ya chombo, kama kina kifuniko, na kama kina viluwiluwi.

Wafanye kazi wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Jozi 3, kaya 5 kwa siku kila jozi: siku 4. Idhini iombwe kila mlango, na karatasi iwe na namba, si jina.

Hatua ya 5: Kuhesabu

Andika "21 kati ya 60", si "asilimia 35.00". Kila idadi na kigawanyo chake: waliougua kuhara hugawanywa kwa watoto wa chini ya miaka 5, si kwa kaya.

Kisha utambuzi wa tatizo uandikwe kwa sehemu nne: hatari gani, kwa nani, kwa sababu gani, na ushahidi upi. Mfano: "Hatari ya homa zinazoenezwa na mbu wa mchana, kwa wakazi wa mtaa huu, kwa kuwa maji ya bomba hayaji kila siku na huwekwa kwenye mapipa yasiyo na vifuniko, kaya 21 kati ya 60 zilikuwa na viluwiluwi." Sasa tafuta hapo penye ukosefu wa elimu. Watu wanajua kufunika. Pipa ndilo halina kifuniko.

Hatua ya 6: Lipi kwanza?

Tumia hesabu hii: (ukubwa + mara mbili ya uzito) × uwezekano wa kulipunguza tatizo, kila kimoja kwa alama 0 hadi 10. Ukubwa ni wangapi wameguswa, uzito ni ubaya wa madhara. Tuseme mbu wamepata 7, 5 na 8: (7 + 10) × 8 = 136. Presha 5, 8 na 5: 105. Taka 9, 4 na 2: 34. Taka zinaonekana kuliko yote, lakini bila lori hazitoki. Alama ya uwezekano itolewe na wakazi na wahudumu katika kikao. Wanafunzi hujipa 10 kila mara.

Hatua ya 7: Mpango

Lengo liwe na namba na tarehe: "Baada ya wiki 8, kaya zenye viluwiluwi zishuke kutoka 21 hadi 8 au chini, kati ya 60." Kazi ifuate maumbile ya mdudu. Mayai ya mbu huyu wa mchana (Aedes) hugandama ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yaweza kukaa makavu miezi kadhaa. Ukimwaga maji tu, ukijaza tena yanaangua. Pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kwa sababu yai huweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kifuniko chaweza kuwa kitambaa cha wavu kilichobanwa kwa mpira. Mpango unaosema "tugawe vyandarua" peke yake umekosa shabaha: mbu huyu huuma mchana.

Kila kazi iwe na mtu, siku na gharama. Wanafunzi wataondoka, hivyo usimamizi ubaki kwa wahudumu, na kundi lijalo lipime tena kaya zile zile.

MASWALI NA MAJIBU

Shikamoo mwalimu. Kaya 60 zatosha kweli?
Marahaba. Kwa kupangia mtaa mmoja, ndiyo. Jibu likiwa nusu kwa nusu, kosa laweza kufika asilimia 13 hivi huku na huku. Kwa hiyo msitangaze lolote kuhusu kaunti ndogo nzima, mfano Kisauni.

Wanafunzi wa kiume hukataliwa mama akiwa peke yake. Tufanyeje?
Wana haki ya kukataa. Kila jozi iwe na mwanamke, na mwanamume aandike akiwa barazani. Ijumaa mchana msibishe hodi kabisa.

Tukimkuta mtu na presha 190/120?
Hojaji inasimama. Mpumzishe dakika 5, upime tena. Ikiwa kifua kinauma, upande mmoja umelegea au macho hayaoni vizuri, ni hospitali papo hapo. Asipokuwa na dalili, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo na barua ya rufaa. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkanda wa kupimia unene wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5.

Salaam aleikum. Wakazi wakisema shida yao ni taa za barabarani, si mbu?
Waaleikum salaam. Iandikeni jinsi ilivyosemwa, kisha uliza giza linawazuia nini. Huenda ukaambiwa kuwa kina mama hawathubutu kwenda choo cha nje usiku, au mjamzito hakupata gari la kumtoa. Hapo mmepata hitaji la afya ambalo halikuwa kwenye hojaji yenu, na kuna nafasi ya kuliingiza kabla ya kikao cha hatua ya 6.