Kambi ya uigizaji ya kiangazi: jiandae hivi kabla ya kwenda

Kambi hizi huenda mbio. Stagedoor Manor, iliyoanzishwa mwaka 1975 katika jimbo la New York, hupanga awamu za wiki tatu: ukifika unafanyiwa usaili wa kuigiza, unapewa nafasi, unaanza mazoezi, na mwisho wazazi wanakuja kutazama onyesho. National Youth Theatre, taasisi ya Uingereza ya uigizaji wa vijana iliyoanza mwaka 1956, humsaili kijana kabla ya kumpokea. Popote uendako, kazi kubwa inaanzia nyumbani.

Kwa usaili, chagua kipande cha mhusika wa rika lako, mwenye jambo analolitaka kwa mtu mwingine. Kipande cha kulia tu mwanzo hadi mwisho hakiwaonyeshi wasaili kitu, maana hakibadiliki. Ukipewa dakika mbili, andaa cha dakika moja na nusu. Kwa Kiingereza ni maneno kama 200, na kwa Kiswahili hata machache, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Yule wa kufikirika unayemsemesha, mweke juu kidogo ya vichwa vya wasaili. Ukiwakazia macho wao, unawalazimisha waigize nawe huku wanataka kuandika.

Skripti ichapishwe upande mmoja wa karatasi, na ule mtupu uwe wa kuandikia nyendo zako, yaani unasimama wapi na unasogea lini. Tumia penseli. Mwongozaji atabadilisha mambo kila siku, na skripti iliyofutwafutwa kwa kalamu ya wino haisomeki tena. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwako wewe uliyeielekea hadhira, na mbele ni upande wa hadhira. Kwenye skripti ya Kiingereza ukiona DSR (downstage right), ni mbele kulia. USL (upstage left) ni nyuma kushoto.

Kukariri ndiko kunakowaangusha wengi, na kosa huwa lilelile: mtu anajifunza maneno yake peke yake. Jukwaani anayajua yote, ila hajui aingie lini, kwa sababu hakuwahi kuyasikia maneno ya mwisho ya mwenzake. Kwa hiyo jirekodi kwenye simu ukisoma sehemu za wengine, acha kimya panapofika zamu yako, kisha jibu kwa sauti. Gawa ukurasa vipande vya mistari minne au mitano. Usisonge mbele mpaka kipande kitoke mara tatu bila kutazama. Mwanzoni sema bila hisia wala madoido. Ukikariri maneno pamoja na mahadhi yake, mwongozaji akikuambia uyaseme kwa hasira badala ya huzuni, ulimi unarudi kulekule. Mkishapangiwa nyendo, kariri ukiwa umesimama na ukitembea, kwani mwili nao hukumbuka neno lilisemewa wapi.

Sauti ni ya kutunzwa kuanzia siku ya kwanza, si siku ikikauka. Asubuhi ipashe moto kwa dakika kumi: vuma midomo ikiwa imefungwa, tetemesha midomo huku ukipandisha na kushusha sauti, halafu sema “wale watu wa Liwale wala wali” polepole, ukiongeza kasi tu pale kila silabi inaposikika. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Ikikwaruza, nyamaza kabisa, kunong’ona hakuipumzishi. Kinachowamalizia vijana sauti mara nyingi si mazoezi, ni kupiga kelele bwenini usiku.

Nguo: suruali nyepesi ya kunyumbulika, fulana isiyo na maandishi, viatu vyenye soli laini. Hereni na bangili zibaki nyumbani. Anayevaa hijabu achukue ile ya kuvuta kichwani isiyo na pini, maana kwenye zoezi la kubiringika pini huchoma.

Ukipangiwa mhusika mwenye mistari sita, itaumiza, na si vibaya kusikitika. Zitumie saa zako za bure kukaa na fundi wa taa au na wanaoshona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, maana hiyo nafasi wenye majukumu makubwa hawaipati.

Siku ya kupanga taa na sauti itakuwa ndefu na ya kusimamasimama. Usiigize kwa nguvu zote, sema kwa sauti ya chini inayosikika tu. Lakini simama palepale ulipopangiwa, na ujue mwanga wako uko wapi: ukiusikia ukali wake machoni, umefika, ukiona sakafu ya mbele yako inang’aa na wewe uko gizani, sogea hatua moja.