Jinsi ya kupeleka hoja ya vyama vya ushirika serikalini: shika kifungu kimoja

Mara ya kwanza kwenda wizarani kuvisemea vyama vya ushirika, nilibeba kabrasha la kurasa arobaini lenye madai kumi na moja. Ofisa alipekua kurasa mbili, akaniuliza, "Sasa ninyi mnataka nini hasa?" Nikazungumza dakika ishirini. Hakuandika hata neno. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta kifungu kinachowabana

Kaa na wahasibu na mameneja wa vyama, uwaulize ni karatasi gani iliyowakwamisha mwaka jana. Ukishaipata, fungua sheria uisome mwenyewe. Mara nyingi kikwazo hakimo kwenye sheria, kimo kwenye kanuni au waraka, na hapo ndipo unapojua mlango wa kugonga. Sheria hurekebishwa na bunge, kanuni kwa kawaida ni za waziri, ila waraka aliyeutoa anaweza kuufuta kwa barua. Nimeshuhudia shirikisho likiwafuata wabunge mwaka mzima kwa jambo lililokuwa kwenye waraka wa ukurasa mmoja.

Hatua ya 2: Chukua idhini

Azimio la mkutano mkuu au la bodi, lenye sahihi na tarehe. Utaulizwa unamsemea nani.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja, na maneno mbadala ndani yake

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme kifungu kinasema: "Ziada yote ya chama itatozwa kodi ya mapato." Ukiandika "tunaomba msamaha wa kodi", umejipanga foleni moja na kila anayeomba upendeleo, na hazina ina jibu lake tayari. Eleza badala yake ziada inatoka wapi. Mwanachama alinunua bidhaa kwenye chama chake kwa 100. Hesabu zilipofungwa, gharama halisi ikaonekana ni 94. Zile 6 anazorudishiwa ni pesa yake iliyozidi. Nani amepata faida hapo?

Kisha weka sentensi unayoitaka: "Ziada ya chama itatozwa kodi ya mapato, isipokuwa sehemu iliyorejeshwa kwa wanachama kwa kadiri ya biashara waliyofanya na chama." Mwandishi wa rasimu ana mafaili mengi mezani, na sentensi iliyokamilika humpunguzia kazi.

Kubali pia upande wenu dhaifu kabla hujabanwa. Ziada iliyotokana na wateja wasio wanachama haina utetezi huu, nami huiacha itozwe. Ukiing'ang'ania na hiyo, hata ile hoja yenye mashiko itatiliwa shaka.

Ukitaka nguzo ya nje, lipo Pendekezo Na. 193 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2002, linalosema ushirika usiwekewe masharti magumu kuliko yale ya aina nyingine za biashara. Lakini ni pendekezo, si mkataba unaozifunga serikali. Litaje kwa mstari mmoja, usilitumie kutisha.

Hatua ya 4: Anza na mwenye kalamu

Picha na waziri hupendeza, ila waziri atalishusha suala lako kwa ofisa yuleyule uliyemruka, naye hatasahau. Anza naye, na mapema, kabla mapendekezo ya bajeti hayajafungwa. Waambie wanachama wasihesabu kwa wiki: waanzilishi wa chama cha ushirika cha Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao mwaka 1844, sheria iliyotungwa kwa ajili ya vyama vya aina yao ikaja 1852, na ukomo wa dhima kwa wanachama, yaani mwanachama kutodaiwa madeni ya chama kupita hisa zake, ukasubiri hadi 1862.

Jioni ya kikao mwandikie barua fupi: mlichokubaliana, nani atafanya nini, lini.

Hatua ya 5: Rasimu ikitoka, isome neno kwa neno

Safari moja kifungu chetu kilirudi kimepachikwa maneno sita: "kwa kibali cha maandishi cha mrajisi", yaani ofisa wa serikali anayesajili na kusimamia vyama. Nafuu ya kodi tumepewa, lakini kurudishiana pesa zetu wenyewe sasa kunahitaji ruhusa. Wenzangu walikuwa wameshaanza kupongezana. Tulirudi na kanuni ya nne ya ushirika kama ilivyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, ile ya kujitawala na kujitegemea, tukaomba maneno hayo sita tu yafutwe.