Kuchagua bunduki ya nyati: kaliba dakika kumi, bolti mchana mzima

Swali huwa lile lile: ".375 au .458?" Safari hii aliyeuliza ni kijana wa kambini kwetu. Amebeba bunduki za wageni kwa miaka kadhaa na sasa anataka ya kwake. "Kaka, kubwa si ndiyo bora?" Mambo ya kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, tuliyamaliza kabla chai haijapoa. Bolti (komeo la chuma unalovuta na kusukuma kupakia risasi) na magazini (kisanduku cha risasi ndani ya bunduki) ndivyo vilivyotula mchana wote, na humu itakuwa hivyo hivyo.

Ninamwandikia anayewinda kihalali Tanzania. Kenya ilifunga uwindaji wa aina hii mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko ayachukue haya kama maarifa tu.

Hatua ya 1: Karatasi

Usimlipe mtu hata shilingi kabla hujapata kibali cha kumiliki silaha. Umiliki uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yake hupitia polisi. Uwindaji wenyewe una Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni yake ni mlango mwingine kabisa. Bunduki inayojipakia yenyewe usiulize hata bei, haikubaliki kuwindia.

Hatua ya 2: Kaliba

Kwa nyati, simba, tembo na kiboko, .375 ndicho kiwango cha chini. Wazee wa hadithi watakutajia Walter Bell, Mskoti aliyeua mamia ya tembo, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Ila Bell alijua ubongo wa tembo uko wapi kwa kila pembe, na kwa sheria ya leo asingepewa hata ruhusa ya kujaribu.

Mimi nasema nunua .375 H&H Magnum. Ilitoka kwa Holland & Holland wa London mwaka 1912 na hadi leo sijaona sababu ya kuikimbia. Kichwa chake, ile sehemu ya risasi inayoruka, kina gramu 19 na ushee na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Ganda, lile kopo la baruti, ni refu na lina mteremko, kwa hiyo linaingia chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) na kutoka bila ugomvi. Na ukiishiwa risasi porini, ndiyo kaliba ambayo kambi ya jirani haikosi kuwa nayo.

.416 Rigby ya mwaka 1911 naiheshimu sana: gramu 26, mita 730 hivi kwa sekunde, na presha ya chemba yake iko chini kuliko ya .375, jambo jema kwenye jua letu linalopandisha presha. Kinachoumiza ni bei ya risasi. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 inatupa gramu 32. Hiyo ni ya mwindaji bingwa anayeingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Teke lake begani ni zaidi ya mara tatu ya lile la .308, kaliba ya kawaida, wakati la .375 ni kama mara mbili. Sasa mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta triga, hiyo .458 itamsaidia nini?

Zile za mitutu miwili, .470 na ndugu zake, nazipenda kuzitazama. Mtengenezaji huilinganisha mitutu yote miwili ipige mahali pamoja kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha aina, wa kulia na wa kushoto hawaelewani tena. Bei yake ni ya gari. Tuwaachie wageni.

Hatua ya 3: Begani

Vaa nguo za porini, fumba macho, pandisha bunduki begani, fumbua. Jicho likikuta shabaha bila kusogeza shingo, imekukaa. La sivyo kitako kipunguzwe au kiongezwe. Uzito uwe kilo 4 hadi 4.5 bila risasi. Iliyo nyepesi zaidi utaifurahia ukitembea na kuijutia ukipiga.

Hatua ya 4: Bolti na magazini

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni wa Mauser, bunduki ya Kijerumani, wa mwaka 1898: ukucha mpana ubavuni mwa bolti huikamata risasi kitakoni mara tu inapotoka magazini, na hauiachii hadi itupwe nje. Wa pili huisukuma risasi tu, ikaja kukamatwa bolti ikishafika mwisho.

Kwa utulivu hutaona tofauti. Tofauti huja na hofu. Nyati amegeuka, umevuta bolti, umesukuma, halafu mkono ukavuta tena kabla hujafunga. Kwenye Mauser, risasi ile ile inarudi na bolti na kutupwa nje, unaendelea na inayofuata. Kwenye ule mfumo wa pili, risasi imebaki chembani, bolti inaleta nyingine, na pua ya hii inagonga kitako cha ile. Hapo ulichoshika ni rungu la kilo nne.

Kwa hiyo tafuta bunduki yenye ukucha. CZ 550 ilishaacha kutengenezwa, lakini za mtumba zipo, pamoja na Brno ZKK 602 iliyoitangulia. Winchester Model 70 za kabla ya 1964 ni nzuri. Mwaka huo kiwanda kiliuondoa ukucha, kikaja kuurudisha miaka mingi baadaye, kwa hiyo Model 70 yoyote toa bolti uone kwa macho, usinunue jina.

Sasa ukucha peke yake hautoshi, na hapa ndipo mchana wetu ulipoishia. Kijana alipata .375 safi ya mtumba, yenye ukucha na mtutu unaong'aa. Risasi zenye pua ya duara zilipita kama maji. Zenye pua bapa zilikwama, si zote, baadhi tu, na kila tulipodhani tumepata sababu zikapita. Kilichotuokoa ni kalamu ya wino mzito. Tuliandika namba kwenye kila ganda, tukaangalia ipi inakwama. Ilikuwa kila mara inayotokea upande wa kushoto. Mdomo wa magazini wa upande ule ulikuwa umekunjwa kidogo sana, jicho halioni, kidole kinahisi. Fundi aliunyoosha, shughuli ikaisha.

Ili wewe usipoteze mchana wako, jaribu hivi kabla ya kulipa:

Omba risasi bandia, zisizo na baruti, zenye urefu na umbo la zile utakazotumia. Za kweli usizichezeshe dukani wala sebuleni. Kama huna bandia, nenda uwanja wa shabaha, mtutu uelekee kwenye tuta.

Jaza magazini kabisa. Risasi moja au mbili haziambii kitu. Chezesha bolti polepole, kisha kwa nguvu kama mtu anayekimbizwa. Dukani kila mtu huvuta bolti kwa adabu, na kuna bunduki zinazokwama kwa nguvu tu, nyingine kwa upole tu. Rudia ukiwa umeilaza ubavu.

Andika namba. Ikikwama ya juu kabisa, shuku springi kali au mdomo wa magazini. Ikikwama ya mwisho, shuku springi iliyochoka. Ikikwama ya upande mmoja, umeshajua kisa chetu.

Pima urefu wa magazini. Risasi ya .375 H&H ina karibu milimita 91, na kuna bunduki zilizotanuliwa kutoka kaliba fupi. Ukifika uwanjani, piga mbili, kisha toa zilizobaki uzikague. Kama pua zimebonyea au vichwa vimezama ndani ya ganda, teke linazigongesha ukuta wa mbele wa magazini. Bunduki hiyo mwachie mwenyewe.

Hapo hapo uwanjani, angalia kifuniko cha chini ya magazini. Vingine hufunguka kwa teke, risasi zote zikamwagika miguuni.

Tahadhari mbili. Bunduki ya ukucha usiidumbukizie risasi chembani kwa mkono kisha ukafunga bolti juu yake. Nyingi hazikuundwa kuruka juu ya kitako cha risasi, na siku moja ukucha utavunjika. Pita magazini siku zote. Na fundi, awe na kibali, akikuambia atalainisha njia ya risasi kwa grainda, chukua bunduki yako uage. Msasa laini na subira vinatosha. Baada ya marekebisho yoyote, hata madogo, anza majaribio upya mwanzo hadi mwisho, na aina zote za vichwa.

Hatua ya 5: Shabaha

Nyati wengi hupigwa chini ya mita 100, hivyo darubini inayokuza kuanzia 1 hadi 4 au 6 inatosha. Nafasi kati ya jicho na kioo chake isipungue sentimita 9, vinginevyo itakupasua nyusi. Iwe ya kuvuliwa haraka, na chini yake pawe na vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe vilivyokwisha kurekebishwa.

Kile kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke, mimi sikitaki. Bega lako linapona, masikio ya mfuata nyayo aliyesimama pembeni yako hayaponi kwa mlio wake.

Hatua ya 6: Risasi

Kwa nyati, ya kwanza iwe laini (kichwa chake hupanuka kikigonga) lakini ya kujengwa imara, zinazofuata ngumu (kichwa hakipanuki, hupenya tu). Tembo ni ngumu tupu. Hakikisha laini na ngumu zinapiga pamoja kwa mita 50. Zisipokubaliana, badilisha mojawapo. Nunua boksi zenye namba ileile ya toleo, na usiziache kwenye dashibodi juani, joto hupandisha presha na ganda likagoma kutoka.

Hatua ya 7: Mazoezi

Piga umesimama, kwenye vijiti vya miguu mitatu. Ukilala chini mwili hauna pa kurudi na teke lote linabaki begani. Piga chache, pumzika, malizia na bunduki ndogo. Kila baada ya risasi chezesha bolti bila kushusha kitako, hata kama shabaha imeshatoboka katikati.

Ukishasafisha mtutu kwa mafuta, piga walau moja uwanjani kabla ya kuelekea kitaluni. Risasi ya kwanza kupita kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi haiendi zinakokwenda wenzake.