Mguu Haujahama, Mdomo Kimya

Kumfundisha mtoto kujumlisha na kutoa kwa miguu yake, chukua kopo moja la jivu la jikoni. Pale uani palipofagiwa, mwaga mstari mrefu, kisha ukate alama kumi na moja, kuanzia sifuri hadi kumi. Nafasi kati ya alama na alama iwe hatua ya mtoto, si yako. Mimi mara ya kwanza nilipima kwa hatua zangu. Watoto wakaruka kama vyura, wakaanguka, hesabu ikasahaulika, na kesho yake mama mmoja akaja kuniuliza kama siku hizi nafundisha sarakasi.

Nafundisha darasa la kwanza hapa Moshi, upande wa Pasua. Kiangazi jivu linakaa vizuri chini. Masika yakianza hakuna cha jivu. Nasokota kamba ya mgomba, naipiga mafundo kumi na moja, naitandaza sakafuni darasani.

Alama ya kumi ielekeze kaskazini, uliko Mlima Kilimanjaro. Kujumlisha ni kwenda mlimani. Kutoa ni kurudi kinyumenyume huku bado unautazama, hata kama umeshajifunika mawingu. Usimruhusu mtoto ageuke, maana akigeuka tu, mbele inakuwa nyuma na hajui tena anaongeza au anapunguza.

Sasa mpe 3 + 4. Asimame kwenye tatu, aende mbele mara nne. Hapo tulia umwangalie miguu. Wengi watakanyaga palepale waliposimama na kusema "moja", ndipo waruke "mbili, tatu, nne", na kuishia kwenye sita. Kwenye daftari ungeona 6, ukatia kosa, ukapita. Uwanjani unaona kosa lilipozaliwa: amehesabu mahali aliposimama, wakati kinachohesabiwa ni mruko. Usimhutubie. Sisi tuna sheria moja tu, "Mguu haujahama, mdomo kimya," na siku hizi wala siisemi mimi. Wanashtakiana wenyewe: "Madamu, huyu kasema moja kabla hajaruka!"

Wakiwa sabini, usijaribu kuwarusha wote. Chora mistari minne, waruke wanne wanne, wengine wahesabu kwa sauti na kukamata wezi wa miruko. Wakishamaliza, warudi kwenye daftari hapohapo, wachore mstari uleule na vipinde vya miruko yao. Ukiacha mpaka baada ya uji, umepoteza.

Makumi ndiyo ninayoyapenda zaidi. Kiswahili chetu kinamsaidia mtoto mwanzoni, maana kumi na tatu imejieleza yenyewe, kumi halafu tatu. Lakini ishirini haikwambii kwamba ni kumi mbili, na thelathini ndiyo kabisa. Kwa hiyo mwili useme kile ambacho jina limeficha. Kumi ni kishindo, miguu yote miwili kwa pamoja. Moja ni kofi. 34 ni vishindo vitatu, makofi manne.

Wakizoea, darasa zima lifumbe macho. Mtoto mmoja apige namba yake, wengine wasikilize na kuitaja. Binti mmoja aliyekuwa akiandika 34 na 43 bila kujali ipi ni ipi alipiga vishindo vinne, makofi matatu, darasa likaitikia "arobaini na tatu!" Akakataa, yeye alikusudia thelathini na nne. Nikamwambia apige tena. Akapiga kishindo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaunyanyua mguu kwa ajili ya cha nne, akaushusha polepole bila sauti. Halafu akapiga makofi manne.

Asiyeweza kuruka asikae pembeni kuwa mwamuzi. Uamuzi ni adhabu ikiwa ni kila siku. Nina mvulana mwenye mguu mbovu. Nilimpa ile kamba ya masika, akaipitisha mkononi fundo kwa fundo, macho amefumba, na sheria kwake ikawa "mkono haujahama". Juma lile wenye miguu yao mizima nao wakaidai. Sasa ninazo kamba tano, na jirani ananitazama vibaya kila nikipita karibu na migomba yake.